BOLTI IKIKATIKIA NDANI YA INJINI
Namna ya kuitoa, na nani abebe mzigo



Hakuna makanika asiyejua jambo hili. Unavuta spana, bolti inakataa. Unaongeza nguvu kidogo, halafu ghafula mkono unakuwa mwepesi. Kichwa cha bolti kimebaki ndani ya soketi na mwili wake umebaki ndani ya injini. Tangu hapo kazi ya nusu saa yaweza kuwa kazi ya siku mbili, na mara nyingi yageuka kuwa shauri kati ya mwenye gari, mwenye karakana na mfanyakazi.

Wenzetu wengi wa Jinja na Mbale wametuomba tueleze jambo hili hatua kwa hatua. Tutaanza na visa viwili tulivyovishuhudia, kisha tueleze kazi yenyewe, na mwisho tuseme machache juu ya haki na wajibu.

KISA CHA KWANZA: JINJA

Katika karakana moja ya mjini Jinja, mwanagenzi mmoja alipewa kazi ya kubadilisha themostati ya gari la abiria aina ya Toyota HiAce, lile la abiria 14. Gari hilo lilikuwa likifanya safari za Jinja na Mbale. Nyumba ya themostati ilifungwa kwa bolti mbili za milimita 8, nazo zilikuwa zimekaa miaka mingi katika silinda hedi ya aluminiamu. Moja ilitoka. Ya pili ikakatika, ikawa sawasawa na uso wa hedi.

Msimamizi alikuwa ametoka. Kijana akaogopa. Akachukua drili akatoboa bila kutia alama katikati, na biti ikateleza kuelekea upande wa aluminiamu, kwa maana aluminiamu ni laini kuliko bolti. Kisha akatia ekstrakta, yaani kile chombo chenye hesi ya kinyume cha kung'olea bolti, akaikaza mno. Ikakatikia humo humo. Sasa alikuwa na vyuma viwili ndani ya tundu moja, na cha pili kilikuwa kigumu kuliko biti zote za karakana ile. Akapaka gundi ya gasketi, akafunga ile bolti moja iliyobaki, akanyamaza.

Gari liliondoka na abiria wake kwa njia ya Tirinyi. Walipopita Iganga, mvuke ukaanza kutoka. Dereva alipozima injini maji yalikuwa yamekwisha, na hedi ilikuwa imepinda kwa joto. Abiria wakashuka kando ya barabara na mizigo yao. Dereva akapoteza riziki ya siku nyingi. Mwenye gari akadai alipwe hedi nyingine, na mwenye karakana akasema deni lote likatwe katika mshahara wa kijana mpaka liishe.

KISA CHA PILI: MBALE

Baadaye, mjini Mbale, tuliona bolti ya namna ile ile imekatika mahali pale pale. Fundi alikuwa mzee aliyejifunza kazi katika miaka ya 1970. Baada ya Wahindi kufukuzwa nchini mwaka 1972, maduka mengi ya vipuri yalibaki matupu, na makanika ilimpasa kuokoa kila kilichookoka. Mzee huyu hakugusa drili. Kwanza alimwita mwenye gari, akamwonyesha kisiki cha bolti, akamwambia muda atakaohitaji na bei. Kisha akapaka mafuta ya kupenya kutu, akaenda kunywa chai. Aliporudi alilehemu nati juu ya kisiki, akangoja, akazungusha. Kazi nzima ilichukua saa tatu, na zaidi ya nusu ya saa hizo ilikuwa ni kungoja.

Tofauti ya visa hivi viwili haikuwa katika vyombo. Karakana ya Jinja ilikuwa na vyombo vingi zaidi.

KWA NINI BOLTI HUKATIKA

Yatupasa kwanza kujua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Bolti hukatika kwa sababu kubwa tatu.

Ya kwanza ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujaza upenyo wote kati ya hesi za bolti na hesi za tundu, na kubana kama kabari. Pale bolti ya chuma inapokaa ndani ya aluminiamu hali ni mbaya zaidi. Metali hizi mbili zikikutana na maji huliana, na aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikiacha unga mweupe unaoshika kama saruji. Ndiyo sababu tunawashauri madereva wasijaze rejeta kwa maji matupu ya bomba au ya kisima mwaka baada ya mwaka. Maji yenye dawa ya kuzuia kutu ni nafuu kuliko hedi.

Ya pili ni joto. Stadi za manifoldi ya ekzosi huchomwa na kupoa kila siku. Dereva apandaye kutoka Mbale kuelekea Kapchorwa na mzigo mzito anazipasha moto sana, na mvua ya mlimani inazipoza. Mwisho chuma huchoka.

Ya tatu ni mkono wetu wenyewe. Hapa tufanye hesabu kidogo. Bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 kichwani hukazwa kwa nguvu kama ya kilo 12 na nusu ikivutwa mwisho wa spana ya sentimita 20, na ndani ya aluminiamu mara nyingi watengenezaji hutaka pungufu ya hapo. Sasa mtu akichomeka bomba la mita moja juu ya spana, akavuta kwa nguvu ile ile, bolti inapata mara tano. Haiwezi kustahimili. Bomba halikuongezei ufundi. Linakuondolea hisia ya mkono tu.

Pia ni lazima kutofautisha bolti iliyokatika wakati wa kufungwa na ile iliyokatika wakati wa kufunguliwa. Iliyokatika ikifungwa kwa kawaida haikushikwa na kutu. Kisiki chake chaweza kutoka kwa kusukumwa pole pole na ncha kali, ukikizungusha kinyume cha saa. Lakini iliyokatika ikifunguliwa ilikwisha shikwa kabla hujaigusa, na nguvu iliyokata kichwa haikutosha kuing'oa. Hii ndiyo inayohitaji subira.

KABLA HAIJAKATIKA

Bolti yenye afya inapolegea hutoa mlio mfupi, kisha huzunguka. Bolti inayotaka kukatika hujinyonga kama mpira: spana inasogea, lakini bolti haiachii. Ukihisi hivyo, SIMAMA. Paka mafuta ya kupenya kutu, na kama huna, mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi ya injini yatasaidia, ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, usawa na bolti, ili mtikisiko uvunje kutu na mafuta yashuke. Ngoja. Ikiwezekana liache gari lilale.

Kesho yake tumia soketi ya pembe sita, siyo ya pembe kumi na mbili iliyokwisha lika. Kaza kidogo kwanza, kisha fungua. Ikitoka robo mzunguko, rudi nyuma, ongeza mafuta, uje tena. Makanika wengi huivuta bolti moja kwa moja, na ile kutu iliyosagika hujikusanya mbele ya hesi na kuibana upya.

IKIWA KISIKI KIMETOKEZA JUU

Kama kimebaki kipande cha kushika, bado una bahati. Fuata mpango huu, ukianza na njia nyepesi.

1. Kishike kwa koleo la kujifunga, ulikaze kwa nguvu, uzungushe mbele na nyuma.

2. Kama koleo linateleza, tengeneza pande mbili bapa kwa tupa ili spana ishike, au kata mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisibisi kubwa. Ikiwa ni stadi ambayo hesi zake ni nzima, funga nati mbili zibanane, kisha zungusha ile ya chini.

3. Kama yote yameshindikana, lehemu nati. Chukua nati ambayo tundu lake laingia juu ya kisiki, ujaze lehemu ndani ya tundu, ukianzia katikati ya kisiki. Lehemu ya chuma haishiki aluminiamu, kwa hiyo hata kisiki kilichozama kidogo chaweza kujengwa kwa lehemu mpaka kitokeze juu. Jambo lenye faida kubwa hapa ni joto. Bolti hupanuka ikichomwa na kusinyaa ikipoa, na mwendo huo huvunja kutu. Kwa hiyo usizungushe nati ingali nyekundu, kwa maana chuma cha moto ni laini. Ngoja wekundu upotee, kisha zungusha pole pole mbele na nyuma ingali na moto. Nati ikikatika, lehemu nyingine. Fundi wa Mbale hutuambia ya kuwa mara nyingi ni nati ya pili au ya tatu inayotoa.

Kabla ya kulehemu ondoa waya wa betri, na kwa magari ya siku hizi yenye kompyuta fungua pia plagi ya kompyuta na nyaya za alteneta. Funga waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na kazi yenyewe, ili umeme usipite ndani ya beringi. Hakikisha hakuna petroli inayovuja, wala mpira wa mafuta ulio karibu, na weka mchanga au kizima moto miguuni.

Waweza pia kupasha moto hedi bila kulehemu. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili kuliko chuma, kwa hiyo hedi ikipata moto tundu hulegea. Lakini jihadhari: aluminiamu haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inakuwa nzima, mara imemwagika. Pasha mpaka tone la maji lichemke na kuruka juu yake, usipite hapo.

IKIWA KISIKI KIMEZAMA

Hapa ndipo kijana wa Jinja alipopotea. Kazi yote inategemea kitu kimoja, nacho ni KATIKATI. Ukitoboa katikati, bolti itatoka kwa njia moja ama nyingine. Ukitoboa kando umekwisha haribu tundu.

Kwanza sawazisha uso wa kisiki, kwa maana biti huteleza juu ya mvunjiko wenye milima na mabonde. Kisha tia alama kwa panchi. Itazame kutoka pande mbili. Kama imekwenda kando, ilaze panchi kidogo na uirudishe alama katikati kabla ya kutoboa.

Njia bora zaidi ni kutumia mwongozo. Mpe mkereza chuma kipande kidogo akukereze bomba fupi ambalo nje lina kipimo cha tundu la nyumba ya themostati, na ndani lina tundu la milimita 3. Rudisha nyumba mahali pake kwa ile bolti nzima, chomeka bomba hilo, na biti haitakuwa na pa kukimbilia. Kijibomba hicho kikae sandukuni; kitakufaa miaka mingi.

Kwa bolti ya milimita 8 anza na biti ya milimita 3, mwendo wa pole, mafuta tele. Kabla ya kuanza pima urefu wa bolti nzima, ufunge utepe kwenye biti kuonyesha kina. Nyuma ya matundu mengi ya hedi kuna mifereji ya maji, na ukipitiliza umejiongezea kazi. Kisha panua mpaka milimita 5. Ukiweza kupata biti ya kushoto, na drili inayozunguka kinyume, itumie, kwa sababu mara nyingi yenyewe hushika kisiki na kukitoa ungali ukitoboa.

Kuhusu ekstrakta tuna neno moja la kusisitiza. Ekstrakta imetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na kigumu maana yake ni chepesi kuvunjika. Kama nguvu ya bolti nzima haikutosha kung'oa, chombo chembamba kuliko bolti hakitaweza kwa nguvu peke yake. Itumie baada ya mafuta na joto, kwa vidole na spana fupi. Ikianza kujinyonga, iache. Ikivunjikia ndani, usiendelee na drili. Peleka hedi kwa karakana ya mashine yenye biti za kabaidi.

Kama ekstrakta imekataa, na tundu lako liko katikati, panua mpaka milimita 6.5. Hapo utaona kingo za hesi za zamani zikianza kuonekana. Mabaki ya bolti yatakuwa kama utando, na utayachomoa kwa ncha kali kama mtu anayetoa mwiba. Kisha pitisha tapu ya milimita 8 yenye mwendo wa 1.25, kwa mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma.

Na kama hesi za aluminiamu zimeharibika? Usitupe hedi. Waweza kutoboa, kupitisha tapu maalumu na kutia hesi ya waya, yaani ile koili ya chuma inayojaza tundu na kurudisha kipimo cha zamani. Hesi ya namna hii ikitiwa vizuri huwa imara kuliko ile ya aluminiamu iliyokuwapo. Pasipo koili, mkereza aweza kutengeneza stadi yenye milimita 10 upande mmoja na milimita 8 upande wa pili. Hedi ya kile kisa cha Jinja, kama ingeletwa kwa mkereza siku ile ile, ingalipona.

KUMALIZIA KAZI

Ziba matundu yote kwa kitambaa safi kabla ya kutoboa, na ukihesabu vitambaa vitatu vilivyoingia, vitoke vitatu. Paka grisi kwenye biti ili ishike vumbi la chuma. Safisha tundu mpaka chini, kwa maana mafuta au maji yakibaki chini ya tundu lisilo na mwisho wazi, bolti mpya itayabana na kupasua hedi.

Usirudishe bolti ya zamani. Nunua yenye alama kichwani. Alama 8.8 maana yake chuma hicho hukatika kwa nguvu ya kama kilo 80 kwa kila milimita moja ya mraba, na huanza kunyooka kwa asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti isiyo na alama yoyote haikuahidi kitu. Pima urefu pia: iliyo ndefu mno itagonga chini ya tundu kabla haijabana, nawe utadhani imekazika. Kwa stadi za ekzosi paka grisi ya shaba ili mwenzako ajaye afungue bila kulaani jina lako.

MACHO NA MIKONO

Vaa miwani. Kipande cha biti kikiruka hakichagui fundi mkuu wala mwanagenzi. Usivae glovu wala mikono mirefu ya shati karibu na drili inayozunguka, kwa kuwa huvutwa pamoja na mkono. Usifungue njia ya maji injini ikiwa ya moto. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari za kazi yake. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai miwani haombi zawadi.

NANI ABEBE MZIGO

Turudi kwa kijana wa Jinja. Tawi letu lilipokaa na mwenye karakana kusikiliza shauri, tuliuliza maswali matatu. Je, bolti ilikatika kwa uzembe? Hapana, ilikwisha liwa na kutu, na ingeweza kumkatikia yeyote. Je, kijana alifundishwa la kufanya? Hapana, aliachwa peke yake. Je, alikosa? Ndiyo, alikosa, lakini kosa lake halikuwa kuvunja. Kosa lake lilikuwa kuficha, na kuwaruhusu watu 14 wasafiri na gari bovu.

Basi ilikubaliwa kwamba karakana ibebe gharama ya hedi, na kijana apewe onyo la maandishi na awekwe chini ya fundi mkuu. Mshahara wake haukukatwa. Yafaa wenzetu wajue ya kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kujikatia apendavyo. Mkipatwa na jambo kama hili, lileteni tawini mapema.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Tunashauri kila karakana iwe na kadi ya kazi, na kabla ya kugusa bolti yenye kutu iandikwe ya kwamba mwenye gari ameonywa. Ikikatika, kazi isimame, msimamizi aitwe, mwenye gari aonyeshwe, muda na bei vikubaliwe upya. Na ninyi wasimamizi, mwanagenzi akija kuwaambia kwamba amevunja, msimpokee kwa matusi. Ukimtukana leo, kesho atapaka gundi na kunyamaza. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Katika injini kinachofichua ni mvuke, na hufichua mbali na nyumbani, wakati gari limejaa watu.

Kijana yule sasa hutoa bolti zilizokatika za karakana nzima. Sandukuni mwake mna kijibomba cha mwongozo cha milimita 8, alichokerezewa na mwenzake, nacho hukiazima kwa yeyote anayemwendea na kusema kweli: nimevunja, nisaidie.